Pasipoti ya Taqwa Iliyofichwa Namuwongo

Sehemu ya Kumi na Nne

Haya, mnaonilaumu tangu Jumamosi, tulieni. Najua nilimwacha Taqwa pabaya. Binti wetu alikuwa kwenye korido ya chuo, vitenge vinne begani na kimoja mkononi, mteja wake ameshatoroka, na nyuma yake sauti ya Bwana Obwona inasema, "Usikimbie. Nimekuona."

Msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia kwamba alikosa usingizi. Pole sana, dada yangu. Leo utakosa tena.

Taqwa aligeuka.

Bwana Obwona ndiye msimamizi wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni. Ni mtu mrefu, mkimya, hapandishi sauti na habadilishi neno. Kiswahili alikipata utotoni, kwenye nyumba za polisi Nsambya, maana baba yake alikuwa askari. Alinyoosha mkono, na Taqwa akadhani anataka vitenge, akampa.

"Sitaki nguo. Nataka kitambulisho yako ya chuo."

Taqwa akakitoa. Bwana Obwona akakitia mfukoni bila kukitazama.

"Wewe ulikuja Kampala kusoma ao kuuza?"

"Kusoma, mkuu. Nauza kidogo tu nipate ya kula."

"Kibali ya mwanafunzi haisemi kuuza. Na yako bado nzima? Haijaisha?"

"Bado ni nzima, mkuu. Mpaka mwezi wa nane. Imegongwa kwenye pasipoti."

"Onyesha."

"Pasipoti sinayo hapa, mkuu."

"Iko wapi?"

Hapo, wasomaji, ndipo penye hadithi.

Kwa wale waliojiunga nasi leo, pasipoti ya Taqwa ilikuwa Namuwongo, mtaa wa mabanda kando ya reli, nyumbani kwa Bibiane, Mkongo wa Uvira, mjane, mama wa mabinti wawili. Bibiane huzungusha vitenge mlango kwa mlango, na kwa mwaka mzima sasa Taqwa amekuwa akimuuzia kwa wanafunzi wenzake, faida wanagawana nusu kwa nusu. Mwezi wa tatu wezi waliingia hosteli ya akina Taqwa wakabeba kompyuta, simu, hata masufuria. Taqwa akaogopa, akaichukua pasipoti yake akampelekea Bibiane amtunzie.

Na alikuwa na sababu. Bibiane alivuka ziwa na watoto na bahasha ya karatasi, basi. Nyumba aliiacha, mume alimzika, lakini karatasi hazikulowa. Alizifunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa nailoni, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulisukuma chini ya kitanda. Nani angetunza pasipoti vizuri zaidi ya huyo? Mimi mwenyewe ningempa yangu.

Lakini hayo huwezi kumweleza Bwana Obwona.

"Iko kwa rafiki, mkuu. Nitaileta."

"Saa sita kamili," akasema Bwana Obwona. "Ukileta na kibali iko ndani, hii nguo sikuiona. Unaingia mtihani saa nane. Usipoleta, nafuta jina yako kwa orodha."

"Mkuu, nakuomba..."

"Na wewe unajua jina ikifutwa mara ya pili ni nini."

Alijua. Mwaka jana, siku ya mtihani huohuo, Taqwa alikuwa kitandani hospitali ya Mulago kwa homa ya matumbo, dripu mkononi. Chuo kilimhurumia, kikampa nafasi moja zaidi, moja tu. Akiikosa ya leo, miaka minne ya kusomea maabara imekwenda na maji. Na kule kwao Kondoa, Tanzania, mama yake, Bi Hajara, ameshashona gauni la mahafali na ameshaualika mtaa mzima.

Taqwa akatazama saa. Saa nne kasorobo.

Alitoka mbio, vitenge vikabaki kwa Bwana Obwona. Alikuwa bado na koti lake jeupe la maabara, maana asubuhi ile walikuwa wakirudia mazoezi ya vitendo, na faili lake jeusi liko kwapani. Angelivua koti lile dakika ile, pengine leo ningekuwa nawaandikia habari za mahafali. Hakulivua.

Akapiga simu ya Bibiane. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Simu ya Bibiane ni mgonjwa wa kudumu, betri yake haivuki asubuhi.

Akadaka boda langoni. Dereva ni kijana mcheshi aitwaye Shafiq.

"Namuwongo, kaka. Naomba unifikishe haraka iwezekanavyo, tafadhali."

Shafiq akageuza shingo kumtazama vizuri. "Nyabo, dada, wewe natoka wapi na hiyo Kiswahili?"

"Tanzania."

"Kale, sawa. Mimi nilifikili wewe afande!" Akacheka, akawasha pikipiki. Walipofika kwenye mteremko wa Nsambya akasema tena, safari hii bila kucheka. "Nyabo, sikia. Huko chini ongea Kiruganda."

"Sikijui vizuri."

"Hata kibovu. Ama Kingereza. Hiyo Kiswahili yako imenyooka sana, natisha watu."

"Kiswahili kinatisha?" Taqwa akashangaa kweli. "Kwetu tunabembelezea watoto, kaka."

"Kwenu," akasema Shafiq.

Nisiwafiche, wasomaji, hapa mimi nilitaka kumshika Taqwa mabega nimtikise. Miaka minne Kampala! Mliokulia hapa mnajua. Zipo nyumba nyingi ambamo Kiswahili kiliingia usiku vinywani mwa wanajeshi, kimevaa buti, kikasema fungua mlango. Waliokisikia hawajasahau, na watoto wao wamesimuliwa. Lakini Taqwa miaka yote hiyo aliishi kati ya hosteli na darasa, na Kiswahili chake alikitumia kwa Bibiane na kwa Watanzania wenzake. Alijua kinachekwa, hakujua kinaogopwa.

Na wiki hiyo, ya wiki zote, Namuwongo kulikuwa na uvumi. Ilisemekana kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba kukagua karatasi za wageni, na kwamba mama mmoja alikutwa na karatasi zisizo zake akapakiwa kwenye gari. Ni uvumi tu. Hakuna aliyeliona gari wala aliyemjua mama huyo. Lakini kila mtu alikuwa ameusikia, isipokuwa Taqwa.

Shafiq alimshusha penye reli, boda hazipiti zaidi ya hapo. Tatizo la kwanza likajitokeza palepale. Wiki mbili zilizopita maji ya mvua yaliingia nyumbani kwa Bibiane, akahama. Alimwambia Taqwa amehamia ng'ambo ya reli, karibu na bomba la maji. Taqwa akavuka. Mabomba yalikuwa manne.

Pembeni ya la kwanza alikaa mwanamke mnene akikaanga mihogo. Huyo ni Santina, mtu wa Gulu, mwenye roho nzuri kuliko wote katika sehemu hii. Mkumbukeni hivyo.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu," akasema Taqwa, mkono kifuani, adabu zote za Kondoa. "Namtafuta Bibiane, Mkongo anayeuza vitenge. Kuna pasipoti iko kwake, natakiwa kuichukua kabla ya saa sita."

Santina aliinua macho polepole. Aliona koti jeupe, aliona faili jeusi. Alisikia Kiswahili kilichonyooka kikitaja jina la jirani yake, kikataja pasipoti, kikataja saa.

"Huyo mutu hapana hapa," akasema.

"Mama Annick, pengine mnamwita hivyo."

"Hata huyo hapana. Enda mbele, mbali kabisa. Pale kwa kanisa ya mabati nyekundu, uliza."

"Ahsante sana mama, Mungu akubariki."

Taqwa akaenda mbele, mbali kabisa. Santina akaiacha mihogo iungue kwenye mafuta, akakaza leso kiunoni, akakatiza kati ya nyumba mbili kuelekea upande wa pili. Mwanamke yule hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikwenda kumwokoa rafiki yake.

Kwenye kanisa la mabati mekundu hawakumjua Bibiane yeyote. Taqwa akauliza kwa fundi viatu, fundi akaanza kukusanya viatu. Akauliza kwa wanawake wawili waliokuwa wakifua, wakaingia ndani wakaacha beseni nje. Akabisha mlango, mlango ukafungwa kwa komeo. Akabisha wa pili, akasikia mtu akishusha redio.

Saa tano na dakika tano.

"Jamani!" Taqwa akapaza sauti katikati ya njia, uvumilivu umemwishia. "Mbona mnajifungia? Sina ubaya na mtu! Nataka pasipoti tu!"

Milango mitatu mingine ikafungwa.

Hofu ilimpanda hapo Taqwa, hofu ya kweli. Hakuelewa amewafanya nini watu hawa. Akarudi nyuma akilia bila kujijua, akahesabu mabomba upya, na kwenye la tatu akaona kitu. Juu ya mlango mmoja, badala ya pazia, kilining'inia kitenge cha rangi ya dhahabu chenye feni za buluu. Toleo lile alilijua, yeye mwenyewe aliuza vipande sita vyake bwenini. Na chini ya mlango ulikuwa ukitoka moshi.

Akausukuma.

Bibiane alikuwa amepiga magoti mbele ya sigiri, jiko la mkaa. Alipoliona koti jeupe alipiga yowe, akajirusha mbele ya kitanda alikolala binti yake mdogo; mkubwa alikuwa shuleni. Kisha akaona uso.

"Taqwa? Ni weye?"

"Ni mimi, Mama Annick! Umejifungia na moshi wote huu, kuna nini? Nipe pasipoti, upesi, nina dakika hamsini."

Bibiane alimtazama Taqwa kuanzia koti hadi faili, akarudi usoni.

"Ni weye ulikuwa unauliza kule inje?"

"Ndiyo, nimezunguka kama kichaa, watu wananikimbia. Pasipoti iko wapi?"

"Santina alikuya hapa mbio. Alisema mwanamuke wa serikali anakuya, ana koti mweupe, Kiswahili mukali, anatafuta Bibiane na pasipoti. Nikasema, kama banakuta pasipoti ya mutu mwingine ku nyumba yangu, banafunga mimi. Banarudisha mimi Congo. Watoto banabaki na nani, Taqwa?"

"Mama Annick. Pasipoti iko wapi?"

Bibiane akaitazama sigiri.

Taqwa alipiga magoti akaingiza mkono kwenye makaa. Alikuwa msichana anayevaa glavu kugusa chupa ya damu, na leo aliingiza mkono mtupu motoni. Alitoka na jalada lililokunjamana. Kurasa za ndani zilikuwa zimegandana kuwa kitu kimoja cheusi, akaifungua ili aione picha yake, na kitu kile kikavunjikavunjika kwenye mapaja yake.

Alikaa tu sakafuni. Ndugu zangu, mimi nimeandika vifo vingi kwenye ukurasa huu, lakini kumwandika Taqwa amekaa vile sakafuni kumenishinda kuliko vyote.

"Kaveera iliyeyuka," Bibiane akawa anasema, analia. "Zote zilikuwa pamoja. Za kwako na za kwangu na za batoto. Nilitupa mara moja, kisha nikakumbuka, nikataka kutoa. Angalia." Akaonyesha vidole vyake, vilikuwa vimeanza kutoa malengelenge. "Sina kitu, Taqwa. Miaka mitatu nimechunga zile karatasi. Sina kitu tena."

Mtoto kitandani, Annick, miaka minne, akaamka akaanza kulia pia kwa sababu mama yake analia.

Saa tano na nusu.

Taqwa akatoa simu kwa mkono ambao haukuungua. Akampigia Bwana Obwona. Akamwambia yote, hosteli, kopo, Santina, sigiri, akiruka maneno, akilia. Bwana Obwona akasema, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, "Nenda polisi. Wakupe barua kuwa imeungua. Huyo mama aende na wewe, aandikishe kuwa yeye mwenyewe aliichoma. Bila yeye, barua hawatoi, na mimi siamini. Ukileta hiyo, nitakupokea mpaka saa saba."

"Saa saba, mkuu?"

"Saa saba. Halafu mtihani."

Simu ikakatika. Taqwa akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Mama Annick, vaa viatu! Bado kuna nafasi! Twende polisi, useme tu ilivyokuwa. Kwamba mimi nilikupa mwenyewe, ukaogopa ukachoma. Basi! Watatupa barua, naingia mtihani. Na ya kwako tutaifuatilia kesho, nakuapia, nitakusindikiza mwenyewe."

"Polisi?" akasema Bibiane.

"Ni dakika kumi tu!"

"Mimi ninaenda polisi, bila karatasi, niseme nilichoma pasipoti?"

"Utasema ukweli! Mimi nitakuwepo!"

Bibiane akambeba Annick. Akamfuta machozi kwa kona ya kitenge, akamfuta tena hata machozi yalipokuwa yameisha. Kisha akainama akatafuta viatu. Nawaambieni, alitafuta viatu. Kiatu kimoja kilishaingia mguuni.

Mlango ukagongwa.

Hodi ile haikuwa ya jirani. Kitenge cha feni za buluu kikasukumwa kando, akaingia mwenyekiti wa mtaa, jasho linamtoka, na nyuma yake askari polisi aliyevaa sare kamili. Nje uani, Santina na watu kama ishirini wamejaa.

Taqwa akafurahi. Hebu fikirini, akafurahi! Alitaka polisi, na polisi wamemfuata mlangoni. Akamwendea yule askari huku akitabasamu, uso umejaa masizi.

"Afande! Afadhali umekuja, tulikuwa tunakuja kwenu sasa hivi. Naomba msaada wako."

Askari hakutabasamu. "Ni huyu?" akamuuliza mwenyekiti.

"Ndiyo huyu, afande. Koti nyeupe. Amegonga nyumba ya watu, anaitisha pasipoti, anatisha wamama. Nimepiga simu kwa ofisi zote, hakuna mutu wa serikali ametumwa hapa leo."

"Wewe nafanya kazi wapi?" askari akamuuliza Taqwa. "Nani alituma wewe kuitisha watu karatasi?"

"Mimi? Hapana, afande, mimi ni mwanafunzi! Natafuta pasipoti yangu mwenyewe!"

"Leta kitambulisho ya mwanafunzi."

Taqwa akapapasa mfuko wa koti. Kisha akakumbuka kilipo, kwenye mfuko wa Bwana Obwona.

"Kiko chuoni, afande. Kimechukuliwa leo asubuhi."

"Leta pasipoti."

Taqwa akafungua kiganja. Jalada lile jeusi likamwagika vumbi sakafuni. Uani watu wakaguna.

"Hii nini?"

"Ndiyo hiyo, afande. Imeungua. Nilimpa huyu mama anitunzie, akasikia naulizwa... akasikia nauliza, akaogopa, akaichoma. Muulize! Tumefanya biashara pamoja mwaka mzima. Ananijua kama mtoto wake. Mama Annick, mwambie!"

Askari akamgeukia Bibiane. Hakuwa mkali. Aliongea kama anavyoongea mtu anayefanya kazi yake.

"Mama, ni kweri? Wewe ulichoma pasipoti ya mutu?"

Bibiane alikuwa amesimama na kiatu kimoja mguuni, mtoto kifuani, mkono wenye malengelenge ameuficha ndani ya kitenge. Akamtazama askari. Akamtazama Santina mlangoni, na Santina akawa anamtikisia kichwa taratibu.

"Mama, jibu. Huyu musichana, unamujua?"

"Mama Annick," Taqwa akanong'ona. "Tafadhali."

Bibiane akamkumbatia Annick kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Alipofumbua mdomo, macho yake yalikuwa chini, kwenye sigiri.

"Apana, afande," akasema. "Simujui."